Bibi wa Nairobi, Bibi wa Dar

Ndugu msomaji, kabla sijaenda mbali naomba nikuulize swali moja dogo. Ukisikia neno "bibi", anakujia nani kichwani? Kama umekulia Dar es Salaam kama mimi, jibu lako nalijua. Ni mama yake mama au mama yake baba, yule mwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ambaye ukikimbizwa na fimbo unajificha nyuma ya khanga zake. Lakini kama umekulia Nairobi, bibi ni mkeo. Mama yake mama unamwita nyanya, kitu ambacho sisi huku tunakikatakata kwenye kachumbari.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoninyang'anya kibarua. Na laiti ingeniumiza mimi peke yangu, leo nisingeshika kalamu. Basi sikiliza, bwana.

Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho mtu hakitundiki ukutani. Kiswahili tu ndicho kilichonipa alama ya kujivunia. Nilikuwa nakaa kwa mjomba, Manzese, na chini ya godoro nilikuwa na madaftari matatu ya riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Mjomba ni mchora mabango. Saluni, duka la dawa, fundi cherehani, mama lishe, wote aliwachorea kwa brashi na rangi ya mafuta ya kopo. Mteja wake mmoja alikuwa na shemeji kwenye kampuni ya matangazo mjini. Siku moja akaja na habari: wanatafuta kijana anayejua Kiswahili fasaha, wa kusahihisha maandishi. Mjomba akanisukuma mbele. "Huyu hapa, anaandika vitabu," akasema, nami nikainamisha kichwa kwa aibu kwa sababu sikuwa na hata kimoja.

Jina la kampuni silitaji, na wala si mojawapo ya zile nitakazozitaja huko chini. Inatosha kusema kwamba makao yake makuu yalikuwa Nairobi na Dar ilikuwa tawi: ghorofa ya tatu, vyumba vitatu, kiyoyozi kimoja kizima. Nililipwa shilingi 15,000 kwa kila tangazo nililolikagua. Kwa kijana ambaye nauli ya daladala ilikuwa mtihani, hizo zilikuwa hela. Nilinunua viatu. Nilimnunulia mjomba nyama. Kijiweni nikaanza kuitwa "mtu wa mjini".

Wiki ya tatu nikajisahau, nikatoa maoni. Lilikuwa bango la sabuni ya unga, na maneno yake yalikuwa "Fua kwa ujasiri". Nikajiuliza, hivi kweli mama yangu akiinama kwenye beseni anahitaji ujasiri? Anapigana na simba? Nikaandika pembeni, kwa adabu kabisa, maneno mengine ambayo niliona mtu wa Tandale angeyasema mwenyewe. Meneja akaniita. Alikuwa dada mpole, hakuwa na ubaya.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wazo limeshalipiwa Nairobi. Wewe tunakulipa usahihishe herufi."

"Nimeelewa, dada," nikasema. Na kweli nilielewa. Nilielewa kupita kiasi.

Siku chache baadaye likaja tangazo la redio la majani ya chai. Lilikuwa limeandikwa huko huko Nairobi, tena kwa Kiswahili, kwa hiyo mtu wa hesabu akaona hapo hakuna cha kutafsiri: Kiswahili si kimoja? Mwanamume anafungua mlango, anavuta harufu, anasema kwa sauti ya mahaba: "Bibi yangu, chai hii inanikumbusha kwa nini nilikuchagua wewe." Mwanamke anacheka kidogo, kicheko cha chumbani. Kisha sauti ya tatu inamalizia: "Chai ya bibi, raha ya nyumba."

Nilikiona. Naomba hili lieleweke vizuri, maana ndilo lililonifanya niandike. Nilikiona kosa pale pale, kabla sijamaliza mstari. Nikachukua penseli nikalizungushia duara neno "bibi". Nikakaa nikilitazama lile duara. Ndipo yakanijia yale maneno, wazo limeshalipiwa Nairobi, na nyuma yake ikanijia ile 15,000, na nyuma yake tena nikamwona mjomba akiniuliza mbona leo umerudi mapema. Nikachukua raba nikalifuta duara. Nikasahihisha koma mbili na neno moja lililokosewa herufi. Chini ya karatasi palikuwa na mstari uliosema "Kiswahili kimekaguliwa", nikaweka sahihi.

Sauti ya mwanamke iliingizwa na dada mmoja wa mtaa wa pili. Alikuwa akiigiza kwenye kikundi cha vijana tangu shuleni, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya studio. Mimi ndiye niliyempelekea habari kwamba wanatafuta sauti. Alifanya vizuri mno. Kile kicheko alikirudia mara saba, wakachukua cha saba.

Tangazo likaanza Ijumaa asubuhi. Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama karibu na mlango, redio ya dereva imefunguliwa hadi mwisho. Sauti ya mahaba ikasema "Bibi yangu", kikafuata kile kicheko. Konda akageuka. "Oyaa! Jamaa anamtongoza bibi yake!" Gari zima likaangua kicheko. Mama mmoja mtu mzima, kapu lake la samaki miguuni, akatikisa kichwa: "Astaghfirullah, sasa dunia imekwisha." Kijasho chembamba kikanitoka. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Kufika Jumatatu mji mzima ulikuwa umeshalifanya mchezo. Vijana walikuwa wakisalimiana kwa maneno yale, wengine wakaigiza kwenye simu zao na kusambaziana. Mwenye chai akaja juu, tangazo likaondolewa. Pale ofisini ikatolewa karatasi. "Hapa pameandikwa Kiswahili kimekaguliwa. Sahihi ya nani hii?" Nikasema ni yangu. Sikusema neno jingine. Hawakunifokea, walinilipa kilichobaki, wakanishukuru.

Yule dada hawakumwita tena. Mtaani akabandikwa jina: Bibi. Akipita dukani, "Bibi yangu!" Akipanda gari, "Bibi, chai!" Mwezi mmoja baadaye tukakutana stendi ya Mwenge. Akaniuliza swali moja tu.

"Hivi wewe uliliona lile neno?"

"Hapana," nikasema. "Lilinipita."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda gari lake.

Tangu siku ile nikawa na kitu kimenikwama kooni. Nikaanza kujiuliza: hivi maneno yaliyoandikwa mahali pamoja yanafikaje kuuzwa mahali pengine? Nani aliamua kwamba wazo liwe na bei Nairobi na lisiwe na bei Manzese? Nikaanza kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ndiyo, hata jina la barabara lilikuwa likinicheka. Lakini pia lilinifundisha, kwa sababu pale bibi si mke wala si nyanya, ni heshima. Na kwenye kadi za harusi tunaandika "Bwana na Bibi fulani" bila mtu kucheka. Kumbe mtu wa Nairobi hakukosea Kiswahili. Alikosea mji.

Nilichokisoma nitakueleza kwa ufupi, maana kina faida kwa kijana yeyote anayeota kula kwa kalamu yake.

Biashara ya ubunifu si kama biashara ya saruji. Saruji unaipakia kwenye lori, inafika Kigali ikiwa saruji ile ile. Wazo halipakiwi. Kinachosafiri ni watu, mazoea ya kazi na kuaminiwa na mteja. Ndiyo maana kampuni za matangazo, tangu zamani, hazikwenda ng'ambo kwa sababu zilitamani kuona dunia. Zilikwenda kwa sababu mteja wao alikwenda.

Mfano mkubwa ni kampuni ya Mmarekani James Walter Thompson. Ilifungua ofisi London mwaka 1899, lakini safari yake hasa ilianza mwaka 1927, ilipokubaliana na General Motors kwamba popote wenye magari watakapojenga kiwanda, wao watafungua ofisi. Miaka michache tu ikawa imefika Ulaya, Amerika ya Kusini, Afrika ya Kusini, na mwaka 1929 Bombay, India. Mwaka huo huo wa 1927, kampuni ya H. K. McCann ilifungua ofisi London, Paris na Berlin ikimfuata mteja wake wa mafuta, Standard Oil ya New Jersey. Ni kama mpiga debe anayelifuata basi lake: basi likihamia Mbezi, naye kesho yuko Mbezi.

Malipo nayo yalisaidia. Kwa miaka mingi, wakala wa matangazo alibakiza asilimia 15 ya gharama ya nafasi aliyoinunua gazetini au redioni kwa niaba ya mteja wake. Kwa hiyo mteja akipanuka nchi kumi, hiyo asilimia inapatikana mara kumi. Na tangazo likishatengenezwa mara moja, kulipeleka nchi ya pili hakugharimu kama lilivyogharimu mara ya kwanza. Kamera imeshawashwa, wimbo umeshatungwa, kilichobaki ni mdomo tu wa kulisemea. Ule mdomo ndio mimi. Hapo nikaelewa kwa nini nililipwa 15,000: kwenye hesabu zao mimi sikuwa mbunifu, nilikuwa gharama ya usafirishaji.

Njia ya pili ya kwenda ng'ambo ni kununua. Badala ya kuanza upya katika mji usioujua, unamnunua aliyekwisha kuujua. Hapa kuna kisa kinachofanana na hadithi ya kubuni. Mwaka 1985, Mwingereza Martin Sorrell aliingia kwenye kampuni ndogo iliyoitwa Wire and Plastic Products, watengenezaji wa vikapu vya waya vya madukani. Mwaka 1987 kampuni hiyo, ambayo sasa ilikuwa ikiitwa WPP, ikaimeza J. Walter Thompson kwa dola milioni 566. Mwaka 1989 ikaimeza na kampuni ya Ogilvy kwa dola milioni 864. Vikapu vya waya vikabeba dunia! Na ajabu ya mwisho ni kwamba jina la Thompson lenyewe halikudumu. Mwaka 2018 liliunganishwa na Wunderman, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba hilo nalo linaingizwa kwenye jina jipya, VML. Zaidi ya miaka mia moja ya jina, ikafutwa kwa raba kama duara langu.

David Ogilvy mwenyewe alinivutia kwa sababu nyingine. Kabla ya kufungua kampuni yake New York mwaka 1948, alifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Paris, kisha akauza majiko mlango kwa mlango huko Uskoti. Alijifunza maneno kwa kusimama mbele ya mama mwenye nyumba ambaye ana haraka ya kufunga mlango. Nikasema moyoni, huyu angeweza kuwa mmachinga wa Kariakoo. Mmachinga hawezi kusema "bibi" mahali pasipostahili mara mbili. Mara ya kwanza atachekwa, mara ya pili atabadilisha neno. Mtu wa ghorofani hana mlango wa kufungiwa usoni, ndiyo maana anahitaji mtu wa chini amwambie.

Kijiweni kuna jamaa aliposikia mkasa wangu akanifariji kwa kisa cha gari la Chevrolet Nova. Alisema lilikwama kwenye nchi za Kihispania kwa sababu "no va" maana yake ni "haliendi". Nikakitafuta kile kisa. Kumbe ni porojo! Gari liliuzika Mexico na Venezuela bila matatizo, kwa kuwa "nova" neno moja na "no va" maneno mawili hayatamkwi sawa, na mtu wa kule hakuyachanganya. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Watu wameisimulia porojo ile miaka na miaka bila kumuuliza hata Mmexico mmoja. Ni ugonjwa ule ule ulionipata mimi. Tofauti ni kwamba pale Dar, wa kuulizwa nilikuwepo, tena nimeshika penseli.

Siku moja nikamsimulia mjomba yote haya, Thompson na magari yake, Sorrell na vikapu vyake. Mjomba alikuwa akikoroga rangi. Hakushangaa hata kidogo.

"Sasa hiyo si kama mimi na yule kinyozi?"

Kwa kweli nilikuwa nimesahau. Mjomba alikuwa na mteja wake kinyozi pale Manzese. Kinyozi akafungua duka la pili Mbeya, mjomba akapanda basi kwenda kumchorea. La tatu akafungua Tunduma, mjomba akaenda. Kisha kinyozi akavuka mpaka, akapanga chumba Nakonde, upande wa Zambia, na mjomba naye akavuka na brashi zake kwenye mfuko wa rambo. Naam, ndugu msomaji, kampuni ya kimataifa: mfanyakazi mmoja, makopo manne ya rangi.

"Ulipofika kule uliandika nini?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza sikuandika kitu. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka. Kila aliyekuja kunyoa namuuliza, wewe hii mitindo mnaiitaje? Wako wanaosema Kibemba, wako Wanamwanga, wako wenye Kiswahili chao cha mpakani. Nilichora vichwa kwanza, maana kichwa kila mtu anakisoma. Majina nikayaandika siku ya pili, na yule kijana wa kufagia duka ndiye aliyenitajia herufi moja moja."

"Ulimlipa?"

Mjomba akanitazama kama vile nimemuuliza kama alivaa nguo. "Sasa nisimlipe? Si yeye aliyeandika?"

Nilikaa kimya. Vitabu vyote vile, na jibu lilikuwa linakoroga rangi nyumbani.

Usidhani kwamba njia ni ya upande mmoja tu, kutoka kwao kuja kwetu. Hata sisi tunapeleka. Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama hapa Dar kwa rangi ya mafuta, rangi ya aina ile ile anayotumia mjomba, akiuza picha zake kwa wapita njia. Alikufa mwaka 1972 akiwa bado kijana, lakini mkono wake ukaendelea kwa wanafunzi wake. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kutazama katuni za Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotokana na mtindo huo. Walioleta kazi ni kampuni ya London, Tiger Aspect, na waliozichora zikatembea ni vijana wa Homeboyz, Nairobi. London ilikuwa na soko, Nairobi ilikuwa na mikono, na Dar ilikuwa na asili. Kila nikikifikiria kisa kile najiuliza ni nani kati ya hao watatu tunayepaswa kujifunza kuwa. Sijapata jibu, ila najua kwamba asili bila mkataba ni sawa na kisima kisicho na mlango: kila mtu anachota, mwenye shamba anabaki na tope.

Mfano wa karibu zaidi ni Ubongo, walioanza hapa hapa Dar es Salaam mwaka 2013. Ubongo Kids ilianza kwenye televisheni ya Tanzania mwaka 2014, kwa Kiswahili. Baadaye wakaleta kile kipindi cha binti mdogo Akili, anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Walipotaka kutoka nje ya mipaka, hawakudhani kwamba mtoto ni mtoto tu popote alipo. Vipindi viliingizwa sauti upya, kwa Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda, Kihausa na lugha nyingine. Picha ile ile, lakini mdomo umezaliwa kwenye lugha yake. Wimbo wa kuhesabu haukubali kubadilishwa neno kwa neno. Lazima apatikane mtu wa kule auimbe mpaka vina vikae. Mtu huyo si gharama ya usafirishaji. Yeye ndiye bidhaa inayofika.

Najua utaniuliza: sasa wewe na riwaya yako yote haya yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Nilipoanza kuandika nilidhani mwandishi ni mtu wa maneno mazuri. Sasa nadhani mwandishi ni mtu anayejua neno litaangukia wapi. Pale kwenye ile meza nilijua kabisa neno "bibi" litaangukia wapi, na nikaliacha lianguke juu ya kichwa cha mtu mwingine. Kwenye madaftari yangu matatu kuna shujaa ambaye anasema kweli mbele ya wakubwa katika kila sura. Nilipoyasoma tena baada ya mkasa ule niliona haya. Nilikuwa nimempa kijana wa karatasi ujasiri ambao mimi sikuwa nao hata wa kuacha duara la penseli. "Fua kwa ujasiri." Kumbe lile bango lilikuwa linaniambia mimi.

Kwa vijana wenzangu mnaoandika, na najua wengi wenu mtapata vibarua kama changu kabla ya kupata mchapishaji, nina machache. Ukipewa maandishi ukague, uliza yalizaliwa wapi na yanakwenda kusikika wapi. Ukiona kosa liandike kwenye karatasi, kwa tarehe, hata kama umeambiwa kazi yako ni herufi. Wakilikataa, watakuwa wamelikataa wao, na sahihi yako itakuwa safi. Ukitoa neno jipya likatumika, sema kwa sauti kwamba hilo ni wazo na wazo lina bei. Huenda utafukuzwa. Mimi nilinyamaza na bado nilifukuzwa, kwa hiyo kwenye hesabu ya kibarua hakuna tofauti. Tofauti iko kwenye usingizi.

Limebaki jambo moja. Kabla ya kuyapeleka makala haya kwa mhariri, nilikwenda mtaa wa pili. Nilimkuta yule dada anaanua nguo. Nikamsalimu, nikampa karatasi, nikamwambia asome mpaka mwisho mimi nikiwa nimesimama pale pale. Alisoma taratibu. Alipofika kwenye raba alisimama, akanitazama, akaendelea. Pale kwenye daladala nilitegemea atacheka. Hakucheka.

Alipomaliza alizikunja akanirudishia.

"Ungesema siku ile pale Mwenge," akaniambia. "Mimi nilijua tu. Wewe neno lolote halikupiti."

Nikakosa la kusema. Akachukua beseni lake la nguo, akapiga hatua mbili, kisha akageuka.

"Na umekosea. Kicheko sikukirudia mara saba. Ni mara kumi na moja. Andika sawasawa."

Ile saba nimeiacha pale juu kama nilivyoiandika, ili muone. Ilikuwa kumi na moja.